Sanda ya Baba kwa Bei ya Ofa

Chekeni tu, ndugu zangu, lakini mwenzenu nimeumbuka. Baba alipofariki kule Mkuyuni, nilitumwa Morogoro mjini kununua sanda. Mimi msomi wa masomo ya jioni, hesabu nazifanya hata usingizini! Muuzaji akaniita, "Kaka, wahi ofa, jora zima kwa bei ya nusu!"

Jora lenyewe nene kama gogo la mvule. Nikalibeba bila kulifungua, njia nzima najisifu.

Msibani, mzee anayekata sanda akalikunjua mbele ya wajomba. Mizunguko miwili tu kitambaa kikaisha, ndani limejaa boksi lililoviringishwa. Akakipima kwa mkono, akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, baba yako tumfunike uso au miguu?"