Mninga Mkavu wa Ngitili

Tarehe nane Juni, mwaka wangu wa pili kazini, tulipoteza mninga mkavu uliokuwa nyumba ya mijusi. Kosa lilikuwa langu.

Niliajiriwa na idara ya misitu nikiwa na darasa la saba. Siku ya kwanza Bwana Misitu alinipeleka kwenye ngitili moja karibu na Masumbwe, eneo la malisho ambalo wanakijiji hulifunga hadi kiangazi. Akanisimamisha mbele ya mninga uliokufa.

"Usibandue gome," akasema. "Utakuwa umemvunjia mjusi nyumba. Kaa, subiri jua."

Nikakaa. Jua lilipogusa shina, mjusi mwembamba wa kahawia, mwenye mistari mgongoni, akachomoza chini ya gome. Nilijifunza kuwahesabu bila kuwashika, maana ukimshika mkia anakuachia mkononi. Ukimsogelea anazunguka upande wa pili. Hula mchwa na panzi wadogo. Jike huzaa watoto hai, nao hujitafutia tangu siku hiyo.

Ili nisiupoteze mti, niliupaka rangi nyekundu. Sikufikiri kwamba huko rangi kwenye shina ni ruhusa ya kukata. Asubuhi ile niliwakuta wachimbaji wa dhahabu wakiukatakata kwa ajili ya matimba, magogo ya kushikilia kuta za mashimo.

"Shikamoo, afisa," mmoja akasema. "Mbona umenuna? Rangi si yenu?"

"Marahaba. Ni yangu."

"Basi ahsante. Umetuchagulia mkavu, mwepesi kubeba."

Bwana Misitu alisikiliza hadi mwisho. "Kazi unaitaka?"

"Naitaka."

"Basi kesho ukaseme mwenyewe kwenye dagashida."

Nilisema mbele ya mkutano wote wa kijiji. Mzee wa ngitili akasimama. "Faini ya mti tunaijua," akasema. "Ya mjusi hatuna. Utalinda miti yote mikavu humu, na sisi hatutaigusa."

Wachimbaji waliniachia gogo moja lenye gome. Nililiegemeza kwenye mti mzima, nikalifunga kamba, nikakaa kila asubuhi. Masika yalipita bila kitu. Niliendelea kuandika daftarini: hakuna.

Miaka mingi imepita; gogo lile lililiwa na mchwa zamani. Mti wa mtundu uliokuwa jirani yake ulikauka, wala hakuna aliyeugusa. Bwana Misitu naye hayupo tena. Nilisaidia kubeba jeneza lake.

Siku ya kustaafu nilipita pale kabla ya kwenda kukabidhi daftari. Jua likagusa mtundu. Akatoka mjusi mmoja, kisha mdogo, mfupi kuliko kidole changu. Nikaandika: wawili. Nikatia sahihi.