Kabla Majina Hayajakwisha

Juzi binti yangu aliwasha filamu, na kabla sijakaa sawasawa akabonyeza kitufe cha kuruka mwanzo. Nikamwambia arudishe. "Mama, huko ni majina tu," akasema. Lakini wewe, rafiki, kama ulikulia Magogoni miaka ile ya video, utanielewa: kwetu sisi mwanzo ndio uliokuwa filamu, na yaliyofuata yalikuwa ushahidi tu.

Jirani yetu alikuwa na deki ya video aliyoletewa na mumewe kutoka Arabuni. Kila Ijumaa baada ya Alasiri, wanawake na watoto tulijaa sebuleni kwake juu ya majamvi, harufu ya viazi vya karai ikichanganyika na ya udi, na kanda ya Kihindi ikaanza kukwaruza. Hakuna aliyejua Kihindi. Nyanya, ambaye alisoma Kurani tu, hata majina yaliyopita kwenye kioo hakuweza kuyasoma. Hata hivyo ndiye aliyekuwa mfasiri wetu, na kazi yake aliimaliza kabla majina hayo hayajakwisha.

"Mtazameni anavyoletwa," alikuwa akisema. Mtu akionyeshwa viatu kwanza, kisha pete, kisha moshi wa sigara, na kicheko kikasikika kabla ya uso, huyo ni adui. Akionekana kwanza akimshika mama yake miguu, au akimwondoa mtoto barabarani, huyo ni staringi. Dada yangu mkubwa alipenda kumchokoza.

"Nyanya, subiri basi, huenda akatubu."

"Atubu wapi? Hukuona viatu?"

Sebule nzima ilicheka. Na wallahi, sikumbuki hata Ijumaa moja aliyokosea.

Ukubwani nilijisomea mwenyewe, katika vitabu vya kuokoteza, nikajua kwa nini hakukosea. Mwongozaji hupanga mwanzo ili utambue upesi umpende nani na umwogope nani. Viatu vile vimewekwa pale na mtu anayeujua mwisho. Nyanya hakujua kama yuko mtu huyo. Aliamini ndivyo walimwengu walivyo.

Dada alipofikia umri wa kuolewa, baba alikuwa ameshafariki, na neno la mwisho lilikuwa la Nyanya. Mposaji wa kwanza alikuwa makanika wa Port Reitz. Alikuja na wazee wake moja kwa moja kutoka kazini, na kabla hajapiga hodi tulisikia kicheko chake nje, akimtania mjomba wake. Akaingia na mabuti yenye mafuta ya gari. Wa pili alitoka Bofu, ng'ambo ya feri. Huyo alimkuta Nyanya kisimani, akampokea ndoo, akambusu mkono, na maji yalipomwagikia kanzu yake nyeupe hakujali. Jirani alinong'ona dirishani, "Staringi huyo!"

"Mimi namtaka makanika," dada akasema. "Ananichekesha."

"Adui naye hucheka, mwanangu. Hukumwona alivyoingia?"

"Nyanya, hii si video."

"Ndiyo maana sitaki tungoje mwisho."

Akaozwa Bofu.

Mara chache walizokuja kututembelea, mume alikaa karibu naye mpaka saa ya kuondoka. Ukimuuliza dada, "Hujambo?" mume ndiye aliyejibu, "Hajambo." Kisha ikaja Idi wasije. Muuza samaki mmoja akatuambia kwamba mlango wa dada hufungwa kwa nje mumewe akienda kazini. Nyanya alivuka feri na mimi, tukasimama chini ya dirisha lenye nondo. Dada alitokeza uso nusu.

"Mwanangu, akupiga?"

"Nendeni, Nyanya. Nendeni, yuaja sasa hivi."

Tukaenda. Tangu siku ile Nyanya hakukanyaga tena kwa jirani. Ijumaa, muziki wa kwanza ulipovuka ua, aliinuka akafunga dirisha.

Leo nyumba ya jirani imevunjwa, pamejengwa ghorofa. Wanawake wa majamvini wametawanyika, wengine wako kaburini, na kila mtu hutazama filamu peke yake kiganjani. Hayo siyalilii sana. Linalonirudia ni tanga la Nyanya.

Dada aliletwa maziko yakiwa yamekwisha. Alikaa kando yangu ukumbini, leso imevutwa hadi kwenye nyusi. Mvua ilikuwa imenyesha, na nje mumewe alikuwa akiwashika mikono bibi vizee, mmoja mmoja, kuwavusha tope mpaka mlangoni. Mmoja wao, mgeni kwetu, aliketi akihema, akauliza kijana yule ni nani. Akaonyeshwa dada, mkewe.

"Mashallah," akasema, akimpapasa goti. "Mwenyezi Mungu akuwekee, mwanangu. Mzeeke pamoja."

Dada aliinua uso. Mlangoni mumewe alikuwa amesimama, anatusikiliza.

"Amin," dada akasema.