Ukuta wa Nyuma wa Sale Yetu

Ukuta wa nyuma uliangukia dada yangu, ufagio ungali mkononi. Mlio haukuwa mkubwa hata. Vumbi jekundu lilipanda, kisha mabati yakalia juu, polepole. Tulichimbua matofali kwa mikono. Mimi mguu wangu ulibanwa tukichimbua, mpaka leo ninauburuta. Yeye hakutoka muzima.

Wacha niseme ilivyokuwa. Sale ile ya Kasongo, ukumbi wa watu wote, ilijengwa na Wabeleji kwa matofali ya kuchoma. Baba zetu walicheza ngoma mule, sisi tulifungia ndoa mule. Hakuna aliyeitunza, basi tukafanya kikundi cha salongo: kila Jumamosi asubuhi, Waislamu na Wakristo, bila malipo, tunafyeka majani, tunaziba paa, wamama wanasafisha sakafu. Kazi ya kuchosha, lakini sale ilikuwa yetu.

Halafu akaja mchuuzi wa zahabu kutoka Salamabila na wachimbaji wake. Iko neno la zamani hapa kwetu, kwamba Waarabu walizika mali chini ya nyumba kubwa. Sale ilijengwa Waarabu wameshaondoka! Hata mutoto anajua. Lakini prezida wa kikundi chetu aliwapa ufunguo. Walijifungia ndani, wakachimba nyuma ya jukwaa mpaka chini ya msingi. Hawakupata hata ushanga. Wakaenda zao, mvua ikaingia mule shimoni.

Jumamosi tukakuta shimo, na ufa ukutani. Dada yangu akamuuliza prezida, aliyesimama pale karibu na ule ufa:

"Kaka, humu munataka kupanda muhogo?"

"Mama, wacha maneno mingi. Ni shimo ya nguzo. Fagieni, kesho iko harusi."

"Nguzo ya kushika mbingu?"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Dada akaenda kufagia kule nyuma ya jukwaa.

Sasa mchuuzi yuko kule machimboni Wamaza, ananunua zahabu kama kawaida. Prezida anapita kwangu na kunisalimia, anaambia watu ni mvua ndiyo iliangusha ukuta. Nimechoka kumusikia. Mvua haikupewa ufunguo.

Wewe prezida, umulete huyo mchuuzi, mukae wote wawili mbele ya watoto wa dada yangu. Uwaambie kwa mdomo wako: uliona ule ufa, kwa nini ulimuambia mama yao aingie?