Kiharusi cha Maigizo

Nikiwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi, Iringa, tulipokea wanafunzi wageni kutoka Norwe. Ulikuwa mpango wa kubadilishana: wao waje kwetu, baadaye baadhi yetu twende kwao, na tukiwa pamoja tujifunze kumhudumia mgonjwa mmoja kama timu, badala ya kila fani kujifungia na ujuzi wake. Kikundi changu, chenye mwanafunzi wa udaktari na wa famasia, kilipata dada mrefu aliyekuwa akisomea fiziotherapia. Kiswahili alikuwa amekisoma kitabuni na alikipenda mno. Aliwaamkia "shikamoo" watu wote, hata watoto wa chekechea.

Zoezi la kwanza lilihitaji mgonjwa wa kuigiza. Mwalimu alitutazama nyuso zetu mmoja mmoja, akanichagua mimi. Sijui aliona nini.

"Umepata kiharusi," akaniambia pembeni. "Upande wa kulia hauna nguvu, na huwezi kusema. Akiingia mtu yeyote, endelea tu mpaka nipige kengele. Wenzako nimewaandalia mambo ya kuwashtua."

Nikalala kitandani, nikapindisha mdomo, nikaachia na udenda kidogo, maana mimi nikifanya jambo silifanyi nusu. Dada wa Kinorwe akaninyanyua mguu. Mwanafunzi wa famasia, kijana wa Mbeya, akaniuliza natumia dawa gani, nikamjibu kwa kukoroma. Mwalimu akatoka kupokea simu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mdogo.

Mama mdogo ameolewa Mlandege, hapohapo mjini. Siku hiyo alikuwa ameniletea blanketi, kwa kuwa baridi ilikuwa imeshika. Mlinzi alimwelekeza, "Yuko kule kwenye vitanda." Aliponiona, blanketi likamdondoka.

"Mwanangu! Si jana tu tumeongea? Huo mdomo umeenda wapi?"

Wenzangu wakatazamana: huyu ndiye wa kutushtua. Dada wa Kinorwe akamshika mkono, akatoa sentensi zote alizokariri.

"Shikamoo mama. Pole sana. Tafadhali keti. Unajisikiaje kuhusu habari hii?"

"Najisikiaje? Mtoto wa dada yangu amepinda, unaniuliza najisikiaje?"

"Asante kwa kutueleza."

Kijana wa famasia akaniinamia sikioni. "Huyu mama anaigiza kuliko wewe."

Na mimi hapo nikapata mashaka. Kanisani kwao, kwenye igizo la kila Krismasi, mama mdogo ndiye huwafukuza Yusufu na Maria mlangoni, tena kwa ukali mpaka watoto wanalia. Huenda mwalimu amempanga kweli. Basi nikaongeza udenda. Lakini nikamwona anatoa simu, anampigia mama yangu kule Mbalizi, Mbeya, mtu ambaye akisikia umepiga chafya anapanda basi.

"Dada, kaa chini kwanza..." akaanza.

"Mama mdogo, mimi mzima!" nikapiga kelele, mdomo ukiwa bado umepinda kwa mazoea.

Akapiga magoti palepale. "Amesema! Binti amemshika mguu tu, bubu amesema!"

Mwalimu alirudi mbio, akapiga kengele, akaeleza kila kitu tangu mwanzo. Mama mdogo akamsikiliza kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza asiyeamini.

"Sawa, mwalimu. Ni maigizo. Ila mdomo niliuona." Kisha akakaa kitandani kwangu, akamnyooshea dada wa Kinorwe mguu. "Na mimi goti hili, mwanangu. Nikipanda mlima linawaka moto."

Ikawa tumepata mgonjwa wa kweli. Mwanafunzi wa udaktari akamuuliza maumivu yalianza lini. Nami nikafuta udenda, nikamuuliza maumivu yalianza lini. Wa famasia akauliza. Dada wa Kinorwe naye akafungua kinywa.

"Nyie mko wanne," mama mdogo akasema, "mna masikio manane, na bado mnarudia swali moja?"

Mwalimu akashika meza kwa kicheko. Tukaanza upya, mmoja akiuliza na wengine wakisikiliza, ndipo tukagundua anakunywa vidonge vyake na vya jirani, kumbe ni dawa ileile yenye majina mawili. Aliambiwa aache vya jirani na aje kliniki. Dada wa Kinorwe akamfundisha kunyoosha mguu akiwa amekaa.

Simu, hata hivyo, hatukuikumbuka. Kule Mbalizi mama alikuwa amesikia "kaa chini kwanza", kisha mayowe, kisha kengele. Kesho yake mchana alishuka stendi na jogoo kwapani, akanikuta kibandani nakula chipsi mayai. Alinikumbatia, akanitukana kwa Kinyakyusa, akanikumbatia tena. Kisha, mama mdogo alipokwisha kumsimulia muujiza wake, akaenda kumkabidhi dada wa Kinorwe yule jogoo, akamshukuru kwa lugha yetu. "Ndaga fijo, mwanangu."

Nikajaribu kumweleza kwamba hakuna aliyeponywa. Akaniambia nisiwe mbishi kwa watu walionisaidia.

Jumapili tulimla jogoo nyumbani kwa mama mdogo. Firigisi, ambayo mle ndani ni ya baba mdogo miaka yote, aliwekewa mgeni. Baba mdogo aliitazama ikipita mbele yake, akameza mate, akasema, "Karibu sana." Dada wa Kinorwe aliigeuzageuza kwa uma, akauliza kwa adabu ni kiungo gani, na baada ya kujibiwa akaomba mchicha.

Baba mdogo alikuwa ameshanyoosha sahani.