Kuku wa Mjomba Sefu

Plasta ikiwa mbichi inanuka kama ukuta uliopakwa chokaa kisha ukanyeshewa mvua. Juzi mwanangu kaanguka kwenye ngazi za chuo cha Kurani, kavunjika mkono, nikampeleka hospitali, nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, miguu ikafa ganzi. Tulipoingia, dresa, yule mfunga vidonda, akachovya vitambaa kwenye ndoo na ile harufu ikapanda. Mtoto analia, mimi simsikii. Nilikuwa nimesharudi Makorora, Tanga, uwani kwa Bibi, miaka ile ya hamsini na kitu, nina umri wa miaka tisa au kumi, nimenuna.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akiunga mifupa. Hakuwa mganga wa ramli wala wa kupunga pepo, na ukimwita hivyo alikuwa hakujibu, anaendelea kuchambua mchele wake kama hujasema kitu. Kazi yake ilikuwa mfupa, basi. Watu waliletwa kwake kwa machela kutoka mashamba ya mkonge, wengine kwa baiskeli, na mmoja aliletwa kutoka Mkwaja amelazwa juu ya mlango waliong'oa nyumbani kwake. Bibi anakaa chini, anapasha mafuta ya ufuta, anapaka, anafumba macho. Vidole vinatembea peke yao. Akimaliza kuona anachokiona, anavuta mara moja, mtu anapiga yowe, na hapo kazi ngumu imekwisha. Vinabaki vibanzi vya mwanzi, kipande cha kaniki, na kungoja.

Na kuku. Kila aliyevunjika mguu alikuja na kuku wake. Siku ileile mgonjwa anapofungwa, Bibi anamshika kuku, anasema bismillahi, anamvunja mguu mahali palepale alipovunjika mtu, kisha anamfunga vibanzi vidogo kama njiti za kiberiti. Kuku anawekwa kizimbani, anakula mtama, anakunywa maji safi, anatunzwa kuliko sisi wajukuu. Siku kuku atakapokanyaga bila kuchechemea, Bibi anamgusa mguu, anamgusa na mgonjwa, halafu ndiyo anamruhusu asimame kwa magongo. Na kuku yule haliwi. Mgonjwa anakwenda naye kwao mpaka afe kwa uzee.

Habari hizi zilimfikia daktari mmoja Mzungu, daktari wa kupasua. Wenzake walicheka, nasikia. Yeye akaja. Alikaa kwenye mkeka wetu na miguu yake mirefu hajui aiweke wapi, suruali ina madoa ya plasta magotini, akauliza maswali kupitia kwa dresa wake, Bwana Filipo, Mbondei wa huko Muheza, mtu wa utani mwingi. Alitaka kujua jambo moja. Mfupa wa kuku na mfupa wa mtu, vinaungana kwa mwendo mmoja au vipi? Kule hospitali naye alikuwa na kuku wake kwenye matundu. Kawavunja miguu wakiwa wamelala kwa dawa, kawafunga plasta, na kila wiki anamuua mmoja.

"Mnawala?" Bibi akauliza.

"Hatuwali, Bibi," Filipo akasema. "Tunaupasua mfupa, tunatazama umefika wapi."

Bibi akamtazama daktari kwa huruma hasa. "Masikini. Mpaka kuku afe ndipo ajue? Mwambie wangu nawajua wakiwa hai."

Filipo alipomfasiria, daktari hakukasirika. Aliandika. Bibi alimpenda kwa hilo.

Wakakubaliana. Kila Jumamosi asubuhi Filipo atakuja na daftari na utepe kama wa fundi cherehani, apime miguu ya wagonjwa na miguu ya kuku, aandike nani kafika wapi. Ikionekana kuku wa Bibi wanasema kweli, daktari atamfungulia mlango wa wodi, awe anaingia kugusa mifupa ya wagonjwa na maneno yake yasikilizwe. Sharti la pili alilitia Bibi mwenyewe, hakuna aliyemwomba. "Na kuku wangu wakisema uongo, mimi miguu siigusi tena. Nitawaleteeni nyinyi. Siwezi kulikubali daftari likinisifu tu."

Wagonjwa wakapita mmoja mmoja, kila mmoja na kuku wake, na kila mmoja alisimama kuku wake aliposimama. Filipo alianza kuvua kofia akiingia uwani. Wa mwisho akawa Mjomba Sefu.

Mjomba Sefu ndiye kitinda mimba wa Bibi. Alikuwa akisukuma vigari vya mkonge relini, kigari kikaacha njia kikamlalia mguu chini ya goti. Daktari alikuja kumtazama mwenyewe. Alisema mguu ule, angekuwa na hiari, angeufungua na kuutia chuma. Bibi akasema Sefu ni mwanawe na kuku ameshavunjwa. Daktari akakubali kungoja, lakini alikunja uso, na niliuona ule uso.

Kuku wa Mjomba alikuwa tembe wa madoadoa kama kanga. Kazi ya kumlisha nilipewa mimi. Nilimpenda Mjomba Sefu kuliko baba yangu, Mungu anisamehe, kwa hiyo na yule kuku nikampenda. Nilimpa mtama kwa kiganja. Nilimsemesha.

Jumamosi ya tatu tangu Mjomba afungwe, Filipo alikuja, akapima, akachungulia kizimbani, akacheka.

"Wee binti, huyu kuku wenu mbona amelala kama bibi harusi? Wa kwetu wa plasta wanatembea, wanagombana, wanatafuta wachumba."

"Wa kwenu mnawaua!" nikamwambia.

"Lakini wanakufa wakitembea."

Akaenda zake anacheka. Yeye alikuwa anatania tu. Mimi nikawaka. Mchana ule Bibi amelala kidogo baada ya sala, nikamtoa yule kuku, nikamfungua vibanzi. Nilitaka kuona. Nilitaka Jumamosi ijayo Filipo akija nimwambie, kuku wetu nimemwona anatembea, funga mdomo wako. Nikamweka chini. Akasimama, naapa alisimama, nikapiga makofi, na yeye kwa kushtuka na makofi yangu akaruka. Alipotua nikasikia kama mtu kavunja kijiti kikavu chumba cha pili.

Nikamfunga tena jinsi nilivyomwona Bibi akifunga. Kesho yake mguu umevimba, keshokutwa hali mtama. Bibi aliniuliza hali ya kuku, nikasema mzima. Jumatano asubuhi nikamkuta amekauka kizimbani. Nikamzika nyuma ya choo, nikasawazisha mchanga kwa mguu.

Jirani yetu Bi Zaina alikuwa na tembe wa mama mmoja na yule, madoadoa yaleyale. Nilimchukua. Sitatafuta neno zuri zaidi. Nilimfunga vibanzi vya marehemu, nikamwingiza kizimbani, na Bi Zaina alipopita akiita kuku wake nikamsaidia kumwita.

Jumamosi ya nne, siku ya kumfungua kuku, daktari mwenyewe akaja. Kuna harufu ya kahawa, watu wamejaa uwani, hata waliosimama kwa kazi ya Bibi siku za nyuma walikuja na kuku wao mikononi. Mjomba Sefu yuko ukumbini juu ya kitanda cha kamba, mlango wazi aone kila kitu, ameshaomba magongo, yamelala pembeni yake. Mimi nikatoa kuku. Bibi akakata kamba za vibanzi, kuku akashuka, akajikung'uta, akatembea. Si kutembea tu. Alikimbia, akarukia kinu.

Watu wakapiga vigelegele. Filipo akavua kofia. "Binti, nimekoma mimi!" Daktari akacheka, mara ya kwanza namwona meno, akafungua daftari. Mjomba Sefu tayari ameshika gongo moja.

"Nileteeni kuku wangu," Bibi akasema.

Nikamleta. Akamweka mapajani, akampapasa mguu. Akarudia. Akafumba macho akarudia mara ya tatu, na uwanja mzima unaongea kwa furaha, hakuna anayemtazama ila mimi. Akaniangalia. Haikuwa hata dakika. Kisha akainuka, akaingia ukumbini, akapitisha mkono chini ya vibanzi vya Mjomba.

"Sefu, lala."

"Mama, kuku kakimbia!"

"Nimeona. Lala. Bado."

Mjomba akasema ameoza mgongo kwa kulala, akasema wenzake wote walisimama kuku waliposimama, akaweka mguu mzima chini ajiinue. Bibi, mwanamke mdogo wa umbo kuliko mimi nilivyo leo, akamsukuma kifuani kwa kiganja akalala chali.

Daktari akauliza kulikoni. Filipo akafasiri, na safari hii hakutania.

Bibi akajibu akiwa amesimama mlangoni. "Mwambie kuku kasimama na mtu bado. Aandike hivyo hivyo."

"Bibi," Filipo akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha nyumbani, "pengine kuna kosa? Pengine kuku huyu ana jambo lake? Sema, nimfasirie."

Alikuwa anampa njia. Nilijua hata siku ile kwamba anampa njia. Bibi akatikisa kichwa.

"Hana jambo. Kosa ni langu. Aandike."

Daktari akaandika. Hakuonekana kufurahi kushinda. Alikaa kidogo, akanywa kahawa yake ikiwa imepoa, akampa Bibi mkono, akaondoka. Watu nao wakajiondokea, na kuku zao kwapani, wanasalimiana kwa sauti za msibani.

Mjomba Sefu alilala wiki nyingine nyingi. Aliposimama, alisimama wima, na mpaka leo ukimwona barabarani hutajua ni mguu gani. Lakini Bibi alishasema. Mtu wa mguu akiletwa, Bibi anatoka kibarazani, anamtazama, anawaambia waliomleta, "Mpelekeni hospitali, waambieni wasichelewe." Wengine walilia. Wengine walimtukana. Akabaki na mikono, vidole, mabega ya watoto. Ile wodi hakuingia hata siku moja. Vile vibanzi virefu vya miguu alivipanga darini, baadaye vikaliwa na mchwa.

Na mimi? Mimi nilimkasirikia. Niliona ameogopa Mzungu. Kitu kilikuwa mkononi mwake, kuku ametembea mbele ya watu, angesema Mjomba ashushe mguu kidogo tu, hata kwa sekunde, daktari aandike, kisha amlaze tena! Mbele ya watu lakini sikumsema. Kwa watu niligeuza maneno. Shuleni, kisimani, sokoni, kwa miaka nilisema yule daktari kamfanyia bibi yangu hila, kabadilisha karatasi, wivu tu. Niligombana na wasichana wakubwa kwa jambo hilo, mmoja nilimng'ata. Sikumwachia mtu yeyote aseme Bibi alishindwa. Yule kuku wa nyuma ya choo, ndugu zangu, nilikuwa nimemzika mpaka ndani ya kichwa changu.

Bibi alifariki nikiwa nimeshaolewa. Baada ya hitima, wageni wamekwenda, tumebaki mimi na Mjomba Sefu tunakusanya masinia, sote hatuna nguvu, nikaanza tena. Nikasema yule daktari, Mungu atamlipa. Mjomba akaweka sinia chini.

"Yule mtu hakufanya kitu. Ulibadilisha kuku."

Nilikaa palepale nilipokuwa.

"Mfupa uliovunjika ukiunga unaacha fundo," akasema. "Dogo, kama punje ya mtama, halitoki maisha. Mama alishika mguu wa yule kuku, hauna kitu, mwororo kama siku alipoanguliwa. Aliniambia jioni ileile. Sefu, mtoto kabadilisha, na wewe mguu wako haujashika, na usimwambie mtu."

"Sasa mbona hakusema? Angesema! Wangevunja kuku mwingine, wangeanza upya!"

"Angesema mbele ya uwanja mzima kwamba mjukuu wake mwizi wa kuku na mwongo? Bi Zaina alikuwepo. Ungekuwa na miaka kumi na jina hilo."

"Basi wewe. Miaka yote hii. Mbona wewe hukuniambia?"

Mjomba akanitazama kwa uchovu, akacheka kidogo puani. "Ungeweza kunyamaza wewe?"

Nikaliokota sinia lake, nikaliweka juu ya mengine.

Tangu hapo nimekuwa nikifikiria mahali Bibi aliposimama, mlangoni, upande huu mwanawe kwenye kitanda cha kamba na upande ule mimi karibu na kinu. Utotoni nilidhani alikuwa anachagua baina yake na daktari. Daktari hakuwemo kabisa. Alikuwa na mguu wa Sefu na jina langu, akaviokoa vyote viwili, na akalipa bei aliyojiwekea mwenyewe, ya kutogusa miguu tena, bila kupunguziwa. Na uongo, ukitazama sana, hakusema. Kuku kasimama, mtu bado. Kosa langu, alisema, na kazi ya kulisha kuku yeye ndiye aliyemkabidhi mtoto.

Lakini kinachonichosha si hicho. Kinachonichosha ni daftari. Yule daktari alikuwa mtu wa kweli. Alikuja kuuliza wakati wenzake wanacheka, na bila shaka alikwenda nalo kwao na kulisoma mbele ya wakubwa zake. Mahali fulani, katika kabati la watu nisiowajua, kuna mstari unaosema kwamba katika mji wa Tanga kuku alisimama na mtu hakusimama, kwa hiyo bibi yule hakuwa akijua alichokuwa akikifanya. Mwandiko ni wa daktari. Aliyeuandika ni mimi, na sijui pa kwenda kuufuta.