Kipima Joto cha Muhiddin

Si kweli kwamba marehemu mume wangu, Muhiddin Matar, aliunguza mashuka ya hospitali kwa makusudi kisha akatorokea Dar es Salaam. Maneno hayo yamezunguka mji wetu wa Unguja, Malindi hadi Amani, na wanangu wameyasikia skuli. Naandika niliyoyaona.

Mwaka 1968 Muhiddin alikuwa fundi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashine ya kukaushia ikaanza kutoa mashuka yenye rangi ya chai. Mkubwa wake akasema ama fundi mzembe, ama ana nia mbaya. Siku zile, kwa watu wa ukoo wetu, tulioshukiwa tangu Mapinduzi, hilo la pili halikuwa neno dogo.

Alasiri moja akaja nyumbani na kipima joto cha mashine, kile kinachoiamrisha ikate moto: kitungi cha shaba, mrija mwembamba na mshale.

"Bi Bahiya, nipe birika linalochemka."

"Unataka kukinywesha chai?"

"Nataka kukiuliza swali."

Akakizamisha. Maji yakitokota, mshale ulipanda hadi sitini ukasimama, usifike mia.

"Muongo huyu!" akasema. "Mashine inangoja aseme basi, naye hasemi."

Cha kubadilisha hakikuwapo Unguja nzima. Akawa ananitazama nikifukiza kanzu yake juu ya chetezo cha udi.

"Unajuaje kwamba haiungui?"

"Kwa mgongo wa mkono. Ukiuma, naondoa."

Kesho yake akamfundisha Bi Sichana, mkubwa wa wafuaji, kufungua mlango wa mashine kila baada ya dakika chache, kugusa shuka, na kuzima likianza kuuma. Mafundi wenzake wakamcheka: "Muhiddin kawa somo, kungwi anayefukiza maharusi!" Yeye akicheka nao. Wiki saba, halikuungua shuka hata moja.

Ndipo akapewa ruhusa, kwa maandishi, akapanda meli kwenda Dar es Salaam kutafuta kipima joto kipya. Alikipata. Homa nayo ikampata huko huko, akazikwa kabla mimi sijapewa kibali cha kusafiri.

Mkoba wake ulirudi. Kipima joto kilikuwa kimezongwa ndani ya kanzu ile niliyoifukiza. Ame, fundi mwenzake, alikifunga kwenye mashine, na mashuka yakatoka meupe. Hilo hakuna aliyelitangaza.

Kanzu sikuifua. Harufu yake imeshatoka, imebaki ya udi wangu mwenyewe. Kila Alkhamisi jioni naitandaza juu ya chetezo, nalaza mgongo wa mkono, nangoja. Kitambaa kikishika joto huwa kama bega la mtu aliyetoka juani. Nachelewa kuondoa mkono. Mara mbili nimeungua.

Karatasi ya ruhusa ninayo sandukuni. Mwenye shaka aje aisome barazani kwangu. Aliyeyaanza maneno yale namjua, na nyumba yake naijua. Jina lake silitaji, na sisemi zaidi. Nisiulizwe.