Kikapu Kinachogeuziwa Mgongo

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu ni siku moja ya soko la Ishiara, mwaka wa kwanza nilipoolewa huku Kanja. Nilirudi nimekaa juu ya magunia nyuma ya pikapu, vumbi limenijaa hadi kwenye kope, na furaha tele kwa kuwa tulikuwa tumenunua ndengu, yaani choroko, kwa bei nzuri. Kumbe kabla jua halijatua ningemwita mwanamke mzima mwizi mbele ya wenzake.

Mjukuu wangu, juzi uliniuliza kwa simu kwa nini mshahara wako unaishia kwenye rafu za supamaketi hapo Kaaga, na mimi niliyelea watoto watano kwa chai kidogo na mikungu ya ndizi sikuwahi kuwalaza njaa. Halafu ukauliza tena, "Na mbona cucu, ukinunua kitu chochote, lazima uweke kidogo kando?" Nikacheka. Hilo swali la pili umelirithi kwangu. Mimi nilizaliwa na pua ndefu. Mama yangu alikuwa akisema hata siku ya mazishi yangu nitainua kifuniko nione nani hakuja. Kuuliza si ujinga, lakini kuna maswali ya kuulizwa kwa mdomo na mengine ya kuachwa yapite. Mimi nililijua hilo kwa uchungu.

Wanawake wa mtaa wetu walikuwa na desturi yao. Huku juu tuna chai, kahawa na ndizi, lakini ndengu zinatoka kule chini kwa Wambeere, ambako jua halina mchezo. Kwa hivyo watu wakishavuna na kupura kule, wanawake saba wa hapa walichanga pesa pamoja, wakateremka Ishiara, wakanunua magunia mazima kutoka kwa mkulima mwenyewe. Anayenunua kwa mkebe wa gorogoro mmoja mmoja dukani hununua ndengu pamoja na kodi ya duka. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kati yetu alikuwepo Mama Wawira, mwanamke mwembamba, mpole, mwenye sauti ya kuimbisha kanisa zima. Yeye ndiye alikuwa meno yetu. Alichota ndengu kutoka katikati ya gunia, si juu, akauma moja, akatema, akasema, "Hizi ni za mwaka jana, twende." Mwuzaji angelia, angeapa, wapi! Mama Wawira alikuwa ashafika gunia la tatu.

Tukifika nyumbani, tulimwaga ndengu kwenye turubai uani kwa mama mkwe wangu, Mama Ireri. Zinapimwa kwa gorogoro, juu zinafutwa kwa kijiti ili asipunjwe mtu, kila mmoja anapata fungu lake. Baada ya hapo lilikuja jambo lililonikosesha usingizi. Chini ya ghala kulikuwa na kikapu kikubwa. Sisi sote tuligeuka, tukatazama mikahawa, ile miti ya kahawa, migongo yetu imeelekea ghala. Kisha mmoja mmoja alitoka na mfuko wake, akaenda kwenye kikapu, akatia gorogoro moja, akarudi kusimama. Hakuna aliyegeuza shingo.

"Mama, kikapu hiki ni cha nani?" nilimuuliza mama mkwe mara ya kwanza.

"Ni cha mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mgeni ni mgeni. Pika chai."

Sasa mimi, mtu wa pua ndefu, unaniambia nipike chai! Baadaye mama mkwe alinituma nimsaidie kubeba kilichobaki kikapuni, tukapeleka kwa mzee mmoja kipofu na kwa msichana aliyekuwa amejifungua juzi. Nilipokiinua tu nikajua. Wanawake saba wametia gorogoro saba, lakini humu hazifiki tano. Nyingine zimeenda wapi? Nilijiuliza wiki nzima nikichuma chai. Ndengu zilikuwa za watu, lakini uchungu niliuona kana kwamba zote ni zangu. Wakati ule nilijiona bingwa wa kubana matumizi. Sabuni niliikata kwa uzi, kiberiti nilikipasua njiti mara mbili. Nikaapa nitamshika huyo panya mwenye miguu miwili.

Basi, siku ile niliyokuambia, tulipogeuka kutazama mikahawa, nilijifanya nimeingiwa na mdudu machoni. Nikainua pembe ya leso nikijifuta, nikapitisha jicho chini ya kwapa langu. Nikamwona Mama Wawira amepiga magoti. Hakuwa anatia. Alikuwa anachota.

"Haiya!" nikapiga kelele. "Mama Wawira, unaiba!"

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Neno lilitoka kabla sijalionja. Wote waligeuka.  Mama Wawira alirudisha kikapuni alichokuwa amechota, kisha akamimina na fungu lake mwenyewe, lile alilolipia, hadi punje ya mwisho. Akakunja mfuko, akauweka kwapani, akashuka kwa njia ya mikahawa. Nilingoja wenzangu wanipongeze. Mmoja wao akaniambia polepole, "Bibi ya Ireri, umefanya nini?" Na mama mkwe akakaa chini kwenye kigoda, kwa uzito, akashika kichwa.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alichukua kisu akaanza kumenya ndizi, nami nikachukua kingine, tukamenya karai nzima. Mwishowe akasema:

"Kendi, wewe unajua kuokoa pesa. Mimi hukusifu hata kwa wifi zako. Lakini leo umeokoa gorogoro tatu za ndengu na umetupotezea mtu."

Akanieleza. Bwana ya Mama Wawira alikuwa ameanguka kutoka juu ya mti akikata matawi, mgongo ukaumia, miezi minne sasa yuko kitandani. Sikujua, kwa sababu hakumwambia mtu. Wengine walijua kwa kumwangalia tu. Na kikapu kile kilianza mwaka mmoja wa kiangazi, mmoja wao alipokuwa akiwasha moto jikoni kila jioni bila sufuria juu yake, ili majirani waone moshi wasimuulize.

"Tulipogundua tuliona aibu sisi," akasema. "Njaa inaondolewa na chakula. Lakini haya ya mtu inaondolewa na nini? Tukaona hakuna dawa ila kutazama kando. Aliye nacho atie, asiye nacho achote, na asijulikane. Kwa nini unafikiri tunageuka? Ukitia ndengu kuna haja gani ya kujificha?"

"Na huyo wa moshi alikuwa nani?" nikauliza.

Ngai! Hata wakati ule bado nauliza! Mama mkwe aliweka kisu chini akanitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Siku hiyo ndiyo nilijifunza kunyamaza swali likiwa limefika kooni.

Kesho yake asubuhi nilibeba unga nikaenda kuomba msamaha. Mama Wawira alinikaribisha vizuri sana, akanipa kiti, akanipa chai ya rangi. Nikasema nisamehe, akasema yameisha. Nilipoinuka akachukua ule unga akanirudishia kwenye kikapu changu. "Asante, mwanangu. Sisi tuko sawa." Jioni niliona moshi ukitoka jikoni kwake. Moyo ukanipasuka, maana sasa nilijua moshi hausemi kitu.

Mama mkwe naye alipeleka, akarudishiwa. Wengine vilevile. Watoto watatu wa Mama Wawira walipita barabarani kwenda shule, nikawa nawaangalia shingo. Zilikuwa zinakonda au ni macho yangu? Sikuwa na njia ya kujua, na kwa mara ya kwanza maishani kutojua kuliniuma. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nilikuwa nimeshiba na bado nikamfukuza mwenzangu penye chakula.

Siku ya soko ilipofika tena, Mama Wawira hakuja. "Basi chagua wewe," wakaniambia, "si wewe ndiye unayeona vitu." Nikachagua. Nilipiga bei mpaka mwuzaji akaniuliza kama nina moyo. Nikarudi na magunia ya bei ya chini kuliko yote sokoni, najigamba kidogo, unajua mtu akikosea anatafuta pa kusifiwa.

Mwanangu, ndengu zile! Niliziweka motoni watoto wa jirani wakienda shule, wakarudi bado zinagonga sufuria. Rundo zima la kuni likaisha. Nyumba sita zilikuwa zinachemsha changarawe na kulitaja jina langu. Tulichookoa sokoni kikaliwa na kuni, na chakula chenyewe hakiliki.

Hapo ndipo akili ilinijia. Nilichukua sufuria yenyewe, na moto wake, nikaishika kwa matambara nikashuka nayo hadi kwa Mama Wawira.

"Mama, leo sikukuletea kitu," nikamwambia. "Nimekuja kuomba."

Akachota punje moja, akauma, akaitema mbali. "Nani alichagua hizi?"

"Mimi."

"Uliziuma?"

"Niliangalia bei."

Alicheka! Alicheka hadi bwanake akauliza kutoka kitandani kuna nini, naye akashindwa kumwambia. Mimi badala ya kucheka nikalia, nikaketi palepale kwenye mlango na sufuria yangu. Alipomaliza kucheka akasema, bila hasira, "Uliniumiza, bibi ya Ireri. Watoto wangu walikuwa kwenye uzio siku ile. Walisikia."  Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwambia tu kwamba nimeona aibu kuliko nilivyowahi kuona, na kwamba bila yeye sisi sita ni vipofu wenye pesa. Hilo lilikuwa kweli, si la kumbembeleza, na nadhani alilijua.

Akanipokea sufuria, akaiweka chini. Kisha akauliza, "Pikapu inaondoka saa ngapi siku ya soko?"

Alikuja. Aliuma, akatema, akachagua. Tulipofika uani, tukapima, tukafuta kwa kijiti, na wakati wa kikapu ulipofika mimi nilikuwa wa kwanza kugeuka. Nilisimama karibu na mkahawa mpaka majani yakanigusa pua, nikafumba na macho. Nilisikia hatua za Mama Wawira zikienda na zikirudi. Alitia au alichota? Mpaka leo sijui. Mimi mdadisi wa kuzaliwa, hilo ndilo jambo moja duniani nililokataa kulijua.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Miaka ikapita, mume wake akasimama tena, nami nikapata watoto. Kisha babu yako Ireri akalazwa hospitali wiki nyingi, na mvua ya mawe ikapiga chai yetu mwezi uleule. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siku ya kugawana nilienda kwenye kikapu kuchota. Sikujua kwamba ndengu kavu zikimiminika kwenye gorogoro zina kelele! Zilipiga bati kama mvua. Nikasimamisha mkono, nikaona kila mtu uani anasikia kwamba Kendi anachota.

Ndipo Mama Wawira, mgongo wake umeelekea kwangu, akaanza kuimba wimbo wa kanisa, kwa nguvu, sauti ile yake yote. Mama mkwe akaitikia. Wengine wakaitikia. Wakaimba mpaka nikamaliza kuchota nikarudi mstarini, na mimi nikashika kiitikio nikilia.

Sasa nikujibu, mwanangu. Ukitaka mshahara ukae, usinunue peke yako. Hapo mnapopanga ni nyumba kumi na mbili na kila mmoja anabeba kipakiti chake cha unga na kichupa cha mafuta. Unganeni mnunue kwa gunia na kwa mtungi mkubwa, tena msimu wa mavuno, si wakati kila mtu analia. Uma kabla ya kuuliza bei. Tafuta yule anayejua kuliko wewe, hata kama amevaa viatu vilivyochoka, umpe heshima yake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikijaa toa kidogo uweke kando kwa nyumba isiyofika sokoni. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Na ukishatoa, geuka. Nimeona siku hizi watu wakimpa mtu pakiti mbili za unga wanampiga picha kumi. Nimeona pia kwenye hizo grupu zenu za simu mtu akichelewa kuchanga jina lake linatajwa mbele ya wote. Usifanye hivyo, na anayefanya mwambie cucu wako amekataza. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hujui nani kati yenu anawasha moto bila sufuria.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe meno ya kuchagua kilicho kizuri, mkono wa kupima sawasawa, na shingo inayojua kutazama kando. Na zamu yako ya kuchota ikifika, kwa maana inafika, akuweke karibu na mtu wa kuimba.